Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kwa Nini Tuliacha Kusuluhisha

Ndugu wanachama,

Taarifa za miaka iliyopita zilianza na idadi ya ndoa tulizosuluhisha. Ya mwaka huu haina idadi hiyo, na wengi wenu mnajua sababu. Katikati ya mwaka kamati ya utendaji ilisimamisha vikao vya suluhu kwa wanandoa pale penye kipigo. Uamuzi huo umezua maneno. Wapo walioandika barua za kujitoa, nami nimezisoma zote. Ni haki yenu kusikia kutoka kwangu jinsi tulivyofika hapo, kwa kuwa kikao kilichoharibika nilikiongoza mimi.

Mama anayehusika ameniruhusu nisimulie; jina lake litabaki kwangu. Alikuja kulalamika kwamba mumewe anampiga. Tukafanya kama tulivyozoea: tukamwita mume, tukawaketisha meza moja, wajumbe huku na huku, mimi katikati. Mume aliongea kwa adabu, akakiri kuwa ana "hasira za hapa na pale". Zamu ya mama ilipofika, alikuwa akiviringisha mkanda wa mkoba wake kidoleni, anaukaza, anaulegeza. Nikamwambia, "Sema mama, hapa uko huru." Akamtazama mumewe kwanza, ndipo akasema, "Mimi sina neno." Tukafurahi. Katibu akaandika kwenye daftari: wamepatana. Hata picha tulipiga.

Usiku uleule alipigwa kwa kosa la kumwanika mumewe mbele za watu. Sisi tulijua wiki kadhaa baadaye, aliporudi peke yake, sauti imekwaruza, akatueleza kama mtu anayetaja jambo dogo: "Na kunikaba alinikaba, lakini mara moja tu."

Hiyo "mara moja tu" ndiyo iliyotupeleka darasani. Tulimwalika muuguzi aliyestaafu atufundishe, na jambo la kwanza alilotuuliza ni nani kati yetu alimtazama yule mama shingoni. Hakuna. Akasema hata tungetazama, huenda tusingeona kitu, maana kukabwa koo mara nyingi hakuachi alama, ilhali mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde chache na madhara mengine yakajitokeza baadaye. Tena mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake hayuko daraja moja na anayepigwa bila kukabwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba uwezekano wa huyo wa kwanza kuja kuuawa unazidi ule wa mwenzake zaidi ya mara 7. Sisi tulikuwa tumempa mkono wa pongezi akarudi nyumbani.

Waliojitoa wanauliza: mkiacha kupatanisha, mnabaki na kazi gani? Wengine wamenikumbusha methali: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Naiheshimu methali hiyo. Lakini inawahusu watu wanaogombana, kila mmoja na sauti yake. Pale ambapo mmoja anapiga na mwingine anachunga mdomo asipigwe tena, hapana ugomvi wa kusuluhishwa. Hatukuligundua sisi jambo hili. Mkataba wa Istanbul wa mwaka 2011, ule wa Baraza la Ulaya wa kupinga ukatili dhidi ya wanawake, katika ibara ya 48, unazitaka nchi zilizouridhia zipige marufuku kuwalazimisha watu kwenye usuluhishi katika kesi za ukatili wa aina hii. Waliouandika walijua kinachotokea baada ya kikao, watu wakishatawanyika na mlango ukafungwa.

Kosa letu la pili lilikuwa kubwa vilevile, nalo lilitokana na huruma. Baada ya aibu ile, baadhi yetu tulianza kuwaambia kina mama: "Ondoka! Unangoja nini?" Kumbe kipindi cha kuondoka, na miezi inayofuata, ndicho chenye hatari kuliko vyote, kwa sababu mtu aliyezoea kumtawala mwenzake huona ndiyo nafasi yake ya mwisho. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 waliuawa na wenza au ndugu zao, yaani kama 140 kila siku. Anayesita mlangoni huenda anapiga hesabu ambayo sisi tulioko nje hatuioni.

Kwa hiyo sasa tunafanya hivi. Mama akija, anazungumza na mtu mmoja, faragha. Anaulizwa kama amewahi kukabwa, kama mume ana silaha, kama amewahi kumtishia kumuua, na kama simu yake inapekuliwa. Hatumpigii wala hatumtumii ujumbe mpaka atuambie saa na njia iliyo salama. Akitaka kuondoka, tunapanga naye taratibu: vyeti vya watoto, kitambulisho, dawa na funguo za akiba vinahamishwa kimoja kimoja hadi kwa mtu anayemwamini, ili siku yenyewe atoke mikono mitupu kama anayekwenda dukani. Akitaka kubaki, hatumsimangi. Mlango wetu hauna masharti.

Tumejifunza pia kusikiliza habari zisizo na alama mwilini. Mmoja alituambia hajawahi kupigwa hata kofi, ila mumewe humpa nauli ya kwenda tu; ya kurudi anapewa kwa simu baada ya kuonyesha yuko wapi na yuko na nani. Zamani tungemwambia ana bahati. England na Wales walilifanya hilo kuwa kosa la jinai mwaka 2015, yaani kumdhibiti mwenza hatua kwa hatua hata bila kumgusa.

Katika maadhimisho ya tarehe 25 Novemba, siku ya kimataifa ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake, mwanachama mmoja kijana aliuliza swali lililotutoa jasho: dada watatu wa familia ya Mirabal, wanaokumbukwa kwa siku hii, waliouawa tarehe hiyo mwaka 1960 na watu wa dikteta Trujillo, huko Jamhuri ya Dominika, wanahusianaje na mambo ya chumbani? Mjadala ulichukua mchana mzima. Binafsi naona utawala wa kutisha ni uleule, uwe wa ikulu au wa sebuleni. Wengine hawakukubali, na sikuwalazimisha.

Liliibuka pia suala la wanaume wanaopigwa. Wapo, na wakija tunawapokea kwa utaratibu uleule. Ila tusichanganye mambo. Kati ya watu wote waliouawa kwa makusudi duniani mwaka 2023, wapatao asilimia 80 walikuwa wanaume, na wengi wao hawakufia mikononi mwa watu wa nyumbani. Kwa wanawake waliouawa, karibu asilimia 60 walimalizwa na mwenza au ndugu.

Habari za fedha atazieleza mweka hazina. Mimi nataja moja tu: posho za wajumbe wa vikao vya suluhu zimeondolewa, na fedha hizo sasa ni nauli za dharura. Najua hilo nalo limechangia barua za kujitoa, japo hakuna barua iliyolitaja.

Mama yule yuko salama. Aliondoka kwa mpango wake mwenyewe, siku aliyoichagua yeye, na ushauri wetu wa tarehe nyingine aliukataa. Alikuwa sahihi.

Kwenye daftari letu kile kikao bado kimeandikwa "wamepatana". Katibu alitaka kuufuta mstari huo. Nimemzuia, ubaki, na chini yake tumeandika kilichotokea.

Katiba yetu bado inalitaja lengo la "kusuluhisha wanandoa wenye migogoro ya aina zote". Kamati inapendekeza maneno "ya aina zote" yaondolewe, na usuluhishi usifanyike popote penye kipigo, vitisho au udhibiti. Pendekezo liko kwenye agenda ya leo, baada ya taarifa ya mweka hazina. Miaka yote tumepiga kura kwa kunyoosha mikono. Safari hii kura itakuwa ya siri, kwa sababu humu ukumbini wapo waliokuja na wenza wao.