Kuhusu Jumamosi

Habari za jioni wazazi, na bibi zetu mliomo humu. Jumamosi saa 4 asubuhi tukutane kuhusu watoto wetu wanaochelewa kuongea, ofisi ya serikali ya mtaa, Kirumba. Kanisani hatutaweza, kuna harusi. Wa mwaloni njooni moja kwa moja kutoka kazini, hakuna atakayelalamikia harufu ya dagaa.

Kuna mama kaniuliza pembeni kama amkatishe mwanawe udata, ule utando wa chini ya ulimi, ili aongee. Tafadhali, subirini. Mtoto wa miaka 2 ambaye bado haungi maneno mawili, kwanza apimwe masikio. Akigeuka ukigonga sufuria, bado huenda sauti ndogo hazisikii. Barua ya kwenda hospitali ya Bugando nitawaandikia mwenyewe.

Na Kisukuma msikiache! Bibi aendelee nacho, lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea. Mimi naogopa zaidi ile simu anayopewa ili atulie. Mkichambua dagaa, mwambie "huyu mkubwa, huyu mdogo", kisha nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi 5, umwachie nafasi. Wengi tunashindwa hapo, tunamjibia.

Kina baba mje pia, jamani. Uji wa mtoto kila mtu abebe wake.