Kabla ya kutoa DD-WRT na kuweka OpenWrt, geuza ruta uisome tumboni

"Fundi, hii kitu imekufa." Kijana wa Mamboleo aliweka TP-Link Archer C7 juu ya meza yetu asubuhi, macho mekundu kwa kukesha. Usiku alikuwa ametoa DD-WRT, programu inayoendesha ruta badala ya ile iliyokuja nayo, akairudisha ruta kwenye programu ya kiwandani, kisha akapandisha OpenWrt, programu nyingine ya aina hiyo. Hatua zote sawa. Ila Wi-Fi ilipotea na haikurudi.

Tukachomeka kebo, tukaandika 192.168.1.1 kwenye kompyuta, na ukurasa wa OpenWrt ukafunguka. Ruta ilikuwa nzima. OpenWrt ikiwa mpya huzima Wi-Fi kwa makusudi, na haina nywila yoyote mpaka uiwekee wewe. Unaingia kwa jina la root, unaweka nywila, ndipo unawasha Wi-Fi. Kama nyumbani huna kebo ya mtandao, usianze kazi hii.

Wateja wengi hutuuliza kama mipangilio yao itahama. Haihami. DD-WRT huweka mipangilio yake kwenye sehemu ya kumbukumbu iitwayo NVRAM, ilhali OpenWrt huiandika kwenye mafaili ya maandishi ndani ya /etc/config. Moja haisomi ya mwenzake, na ukilazimisha kubeba ya zamani unajitafutia balaa. Piga picha kila ukurasa kwa simu, hasa jina na nywila ya PPPoE, yaani ya kuingilia kwenye laini, uliyopewa na kampuni ya intaneti. Ukiipoteza hiyo, utasubiri huduma kwa wateja na muziki wao hadi uukariri.

Sasa tumboni. Chini ya ruta kuna kibandiko, na baada ya jina la modeli kuna toleo: v2, v4, v5. Hiyo herufi na namba ndiyo kila kitu, kwa sababu modeli moja yenye matoleo mawili inaweza kuwa na vifaa tofauti kabisa ndani. Mfumo ukikuonya kwamba faili haifai, usiulazimishe. Halafu kuna mtego wa TP-Link: faili ya kiwandani yenye neno "boot" kwenye jina lake haiandikwi moja kwa moja kutoka DD-WRT. Lazima kwanza uiondolee vipande 257 vya mwanzo, kila kimoja baiti 512.

Na stima? Mvua ya jioni hapa Kisumu mnaijua. Mama mmoja wa Migosi alipotelewa na stima ruta ikiwa katikati ya kuandika, na hiyo kweli haikuwaka tena vizuri. Kwa bahati ilikuwa Archer C7 v2, na sehemu inayoiamsha haikuwa imeguswa. Tuliipa kompyuta anwani 192.168.0.66, tukaweka faili ya kiwandani na kuipa jina ArcherC7v2_tp_recovery.bin, tukashikilia kitufe cha reset huku tukiwasha. Ruta ikaivuta faili yenyewe kwa TFTP, njia rahisi ya kuhamisha faili kupitia kebo. Ukikosea herufi moja ya jina hilo, haivuti kitu.

Wengine tutawarudisha nyumbani bila kuwatoza. Ruta yenye flashi (hifadhi ya programu) ya MB 4 na RAM ya MB 32, kama WR841N za zamani, OpenWrt ya sasa haiitaki. Kiwango cha chini ni MB 8 na MB 64, na inapendekeza MB 16 na MB 128. Zenye chipu za Wi-Fi za Broadcom pia mara nyingi ni afadhali zibaki na DD-WRT, maana draiva zake, yaani programu za kuziendesha, haziko wazi kwa umma na OpenWrt huhangaika nazo. Lakini ukiwa na ruta inayofaa, na simu ya video hukatika kila mtoto anapopakua gemu, SQM ya OpenWrt, inayopanga foleni ya data ili mmoja asiwazuie wengine, peke yake inatosha kuwa sababu ya kuhama. Tunapima kasi ya laini yako kwanza, kisha tunaiwekea kikomo kama asilimia 90 ya hiyo.

Njoo na ruta, zile picha za mipangilio, na adapta yake yenyewe. Ya redio, hata kama inaingia, iache nyumbani.