Mkaguzi atangulie fedha za kuijenga upya nchi iliyotoka vitani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwetu tuliotumikia fani ya ukaguzi wa hesabu ni la msingi, ingawa mara nyingi huachwa hadi mwisho: nani atakagua fedha za kuijenga upya nchi iliyotoka vitani, na ataanza kazi lini. Vita vya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo vinapojadiliwa, tunasikia habari za vikosi na za kusitisha mapigano. Tanzania imepeleka askari huko tangu mwaka 2013 na wengine hawakurudi hai, kwa hiyo yatakayofuata baada ya vita nayo yanatuhusu. Amani ikipatikana, misaada ya barabara, shule na hospitali itaingia kwa wingi na kwa haraka, na huenda kikaundwa chombo maalumu cha kuisimamia. Ninachoomba ni kwamba sheria ya kuunda chombo cha namna hiyo imtaje mkaguzi wa nje kabla fedha hazijaanza kuingia benki, tena impe haki ya kukagua vitabu vya kila anayepokea fedha kutoka kwenye chombo hicho.

Yaliyotokea Iraq yanaonyesha kwa nini. Mwaka 2003, Azimio namba 1483 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliweka matumizi ya Mfuko wa Maendeleo wa Iraq mikononi mwa utawala wa muda wa Marekani na washirika wake, ulioongozwa na Paul Bremer. Sehemu kubwa ya fedha za mfuko huo haikuwa msaada wa mtu yeyote, bali mapato ya mafuta ya Wairaq wenyewe. Azimio hilo liliagiza ukaguzi huru, lakini bodi ya kimataifa ya kuusimamia ilifanya kikao chake cha kwanza Desemba 2003, na kampuni ya ukaguzi ilipatikana mwaka 2004, miezi michache tu kabla ya utawala huo kuvunjwa mwezi Juni.

Januari 2005, Stuart Bowen, Mkaguzi Maalumu wa Marekani wa ujenzi upya wa Iraq, alitoa ripoti iliyoeleza kwamba dola bilioni 8.8 zilizopelekwa kwenye wizara za Iraq hazikuwa na udhibiti wa kutosha. Ripoti haikusema kwamba fedha hizo ziliibwa. Ilisema hapakuwa na uhakika kwamba zilitumika kwa kazi iliyokusudiwa. Mahali pamoja, orodha ya malipo ilikuwa na walinzi 8,206, na waliothibitika kuwapo walikuwa 602. Wasomaji wanaokumbuka uhakiki wa watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa mshahara bila mtu kuwapo kazini, nchini mwetu mwaka 2016 hawahitaji kuelezwa maana ya tofauti hiyo.

Bremer alijitetea kwamba taratibu za kihasibu za nchi za Magharibi zisingeweza kusimama mara moja katikati ya vita. Utetezi huo una uzito, kwa kuwa mabenki hayakufanya kazi na mishahara ililipwa kwa fedha taslimu. Hata hivyo, ugumu wa kutunza hati za malipo ndio sababu ya mkaguzi kuwapo tangu mwanzo, wakati kumbukumbu bado zinaweza kuokolewa. Tena kosa kubwa halikuwa karatasi kupotea. Fedha zilihesabiwa kuwa zimekwisha kutumika pale zilipokabidhiwa wizara. Mhasibu yeyote wa halmashauri zetu, iwe Bahi au Kondoa, anajua kwamba masurufu, yaani fedha anazokabidhiwa mtumishi kwa kazi fulani, si matumizi mpaka yarejeshwe kwa stakabadhi, na asiyeyarejesha hukutana na hoja ya ukaguzi.

Uko mfano ulio bora zaidi, ingawa haukuwa kamili. Wakala wa Ulaya wa Ujenzi Upya ulianza kazi Kosovo mwaka 2000, ukapanuliwa hadi Serbia, Montenegro na Makedonia, na ukafungwa mwaka 2008. Hesabu zake zilikaguliwa kila mwaka na Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya, chombo cha ukaguzi cha Umoja wa Ulaya, na kupelekwa Bunge la Ulaya, na majibu ya Wakala yalichapishwa pamoja na hoja za wakaguzi. Hoja zilikuwapo, lakini ziliwafikia wahusika wakiwa bado ofisini.

Sisi hatuanzi mikono mitupu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una Tume ya Ukaguzi inayoundwa na wakaguzi wakuu wa nchi wanachama, na Kongo ni mwanachama tangu 2022. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) wetu alikuwa mjumbe wa Bodi ya Wakaguzi ya Umoja wa Mataifa kuanzia 2012 hadi 2018, kwa hiyo Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ina watu wenye uzoefu wa kukagua fedha za kimataifa.

Nakuomba, Ndugu Mhariri, waandishi wako wanapokutana na wabunge wetu wa Bunge la Afrika Mashariki, wawaulize kama wako tayari kudai kifungu cha sheria kinachomtaja mkaguzi wa nje kabla ya mkutano wowote wa kuchangisha fedha za kuijenga upya Kongo, na wachapishe majibu yao kwa majina.

Mkaguzi wa hesabu mstaafu,
Kikuyu, Dodoma