Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: ugaga hautoki kwa mswaki

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Salaam. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako zilipokelewa, zikagongwa muhuri, zikaishia hapo.

Juma lililopita mama yangu aling'olewa jino la mbele la chini katika hospitali yetu ya wilaya. Halikuwa limetoboka. Lilikuwa linacheza, fizi imeshuka, na kwa nyuma ugaga wa kahawia umeganda hadi kwenye mzizi. Daktari alinionyesha kwa kile kioo chao kidogo, akasema jino hili lingesafishwa mapema lingepona. Lakini mashine ya kusafishia meno ni mbovu. Ilikuwa mbovu siku ile uliyosimama mbele yetu na diwani, ukaahidi kwamba itatengenezwa kabla ya bajeti mpya. Bajeti imepita, Mheshimiwa.

Kila tukienda tunaambiwa tupige mswaki. Mama anapiga, asubuhi na usiku. Wewe ni daktari, haya unayajua kuliko mimi: jino likishasafishwa, ndani ya dakika chache protini za mate hulifunika kwa utando mwembamba, na bakteria wa kwanza, wengi wao streptokokasi, hunasa hapo kwa protini na vinyweleo vilivyo juu ya miili yao. Wengine huja kuwashika hao waliotangulia. Bakteria aitwaye Streptococcus mutans akipata sukari ya chai, huigeuza kuwa gundi inayokaza utando wote. Ukiwa bado laini, mswaki unautoa. Madini ya mate yakishaugandisha ukawa ugaga, mswaki hauuwezi tena, na juu ya ugaga huo unaokwaruza bakteria wapya hushika kwa urahisi zaidi. Mswaki ungefanya nini hapo?

Tena mama ana kisukari. Fizi zikivimba, sukari haishikiki. Sukari ikipanda, fizi zinazidi kuharibika. Kliniki ya kisukari iko mlango wa pili tu kutoka kwenye hiyo mashine!

Watu wanasema fedha za vipuri zilihamishiwa ukarabati wa ofisi. Kama si kweli, tuambie zilikokwenda. Huko mjini kwenye hospitali binafsi wanasafisha, ila bei yake mkulima haiwezi.

Siombi jengo wala kiti kipya. Tengeneza mashine. Ikishindikana, nunua vifaa vya kukwangulia ugaga kwa mkono. Daktari tunaye na kazi anaijua. Jino la pembeni ya lile lililong'olewa nalo limeanza kucheza. Tafadhali, Mheshimiwa, tengeneza mashine.