Matembe ya Tabora yapimwe kwanza, ugomvi wa nani mwenyewe baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba fedha za umma zisipotee kwenye Tembe la Livingstone, nyumba ya udongo yenye paa bapa kule Kwihara, kwa kuwa alilijenga Mwarabu, akakaa humo Mzungu, na Mnyamwezi hana lake pale. Mimi ni mchora ramani mstaafu, mkazi wa Cheyo hapa Tabora. Ujenzi nilisomea Belgrade mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi zile Yugoslavia ikitoa nafasi za masomo kwa vijana wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Huko niliwakuta Waserbia, watu walioegemeza sehemu kubwa ya utaifa wao kwenye makanisa ya kale, na swali la ndugu yangu huyu, kwamba fundi alikuwa nani, limewatoa jasho wanahistoria wao kwa zaidi ya miaka mia.

Chukua kanisa la Dečani, lililoko Kosovo. Mfalme Stefan Dečanski alianza kulijenga mwaka 1327 ili azikwe humo, likakamilika 1335 chini ya mwanawe Dušan. Kuta zake ni za marumaru ya milia, safu ya manjano hafifu, juu yake safu ya zambarau iliyofifia, na kadhalika hadi chini ya paa. Juu ya mlango wa kusini pamechongwa maandishi yanayomtaja aliyelijenga: Vita, mtawa wa Mtakatifu Fransisko, kutoka Kotor, mji wa mfalme, tena yanasema kazi ilimchukua miaka minane. Kotor ni mji wa bandari kwenye pwani ya Adriatiki. Kwa maneno mengine, mfalme wa Kiorthodoksi, akiwajengea watawa wa Kiorthodoksi, alimwita fundi mkuu Mkatoliki kutoka pwani, na jina la fundi likaachwa mlangoni kila mtu alisome. Hakuna Mserbia niliyemsikia akisema kwa sababu hiyo Dečani si lao.

Kanisa la Studenica ni hivyohivyo. Nemanja, mwanzilishi wa ukoo wa wafalme wao, alilisimamisha mwishoni mwa karne ya 12. Tulipelekwa na mwalimu wetu wa historia ya ujenzi. Lango la magharibi lina nakshi ya mawe kama za makanisa ya Italia, na dirisha la upande wa mashariki limezungushiwa wanyama wa ajabu na majani yaliyochongwa kwa ustadi ambao sijauona tena. Ukiinua macho, kuba lililo juu ni la Kibizanti kabisa, yaani la mtindo wa Constantinople. Wenzangu wa Kiserbia walipiga ishara ya msalaba, wakapiga picha, basi. Mimi nilibaki nikitazama mahali mawe ya mtindo mmoja yanapokutana na matofali ya mwingine.

Sasa, makanisa hayo hayakujigeuza yenyewe kuwa kitambulisho cha taifa. Dola ya Waserbia ilimalizwa na Waturuki mwaka 1459, na nchi mpya ilianza kujikusanya baada ya uasi wa 1804. Kwa muda mrefu yalikuwa nyumba za ibada tu, mengine magofu. Mwaka 1871 wasanifu wawili, Mihailo Valtrović na Dragutin Milutinović, walianza kutumwa na chama cha wasomi wa Belgrade kuzunguka nchi wakiyapima na kuyachora, kazi iliyoendelea hadi 1884. Chuoni tulionyeshwa nakala za michoro yao. Kila ukuta una kipimo chake, kila nakshi imechorwa peke yake pembeni, hata nyufa zimo. Kwangu mimi mwenye ugonjwa wa kalamu na rula, hapo ndipo historia ya majengo yao ilipoanzia. Hotuba zilifuata.

Na zilifuata kweli. Mwaka 1919 Mfaransa Gabriel Millet alitoa kitabu kilichoyagawa makanisa hayo katika mikondo mitatu: ule wa Raška, eneo la kale la Waserbia, wenye harufu ya Adriatiki, ule wa enzi za Mfalme Milutin na waliomfuata, wa Kibizanti, ambao Gračanica na makuba yake matano ndiyo fahari yake, na ule wa bonde la Morava, wa siku za Lazar, mtawala aliyeuawa katika vita vya Kosovo mwaka 1389, na mwanawe Stefan. Mgao wa mgeni huyo ukawa ndio lugha ya wenyeji, na hadi leo mwanafunzi huko huukariri. Wanahistoria wao nao wakaanza kuchagua. Aliyetaka Serbia ionekane mrithi wa Constantinople alimtanguliza Dušan, aliyejivika taji la kaisari mwaka 1346. Aliyetaka taifa lisilodaiwa na yeyote alikimbilia Morava, akasema ile milia ya mawe na matofali na zile nakshi za kusukwa kama mkeka ni roho ya Mserbia mwenyewe. Aliyetaka daraja kati ya Mashariki na Magharibi alishika Raška. Mawe yalikuwa yaleyale!

Simsifii mtu hapo. Jengo likishaandikwa kuwa hatimiliki ya taifa moja, wanaogombana na taifa hilo huligeukia. Kanisa ambalo Dušan alijijengea karibu na mji wa Prizren, huko Kosovo, lilibomolewa, na mawe yake yakaenda kujenga msikiti wa Sinan Pasha mjini humohumo. Machi 2004, katika ghasia za Kosovo, kanisa la Ljeviška, ambalo nalo liko Prizren, lilichomwa moto. Tangu 2006 Dečani, Gračanica na mengine ya huko yamo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini. Kwa hiyo nikisema Kwihara ni yetu, sisemi ni ya kabila moja dhidi ya jingine.

Turudi nyumbani. Ndugu yangu anasema tembe ni la Mwarabu. Mlango wa nakshi, sawa, huo ni wa pwani. Lakini dari la boriti lililofunikwa udongo uliokanyagwa, paa bapa unaloweza kuanikia mahindi, vyumba vinavyozunguka ua, hayo yalitoka Muscat? Huo ni ujenzi wa bara hili letu, Wagogo na Wanyamwezi waliujua, na mfanyabiashara aliyefika na msafara alijenga kwa udongo alioukuta na kwa mikono aliyoikuta. Livingstone alikaa pale mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani, akaondoka. Mikono iliyokanyaga udongo ule haikuandikwa popote mlangoni, tofauti na ya Vita wa Kotor, na hapo ndipo ninapoona kazi ya kufanya.

Kwihara angalau ina mlinzi. Jirani na ninapoishi palikuwa na nyumba ya udongo yenye mlango wa nakshi, mizunguko ya maua juu na mnyororo uliochongwa pembeni. Warithi waliuza mlango, ukapakiwa kwenye lori, na mvua za masika zikamaliza kuta. Hakuna mchoro wake hata mmoja. Leo tukitaka kubishana ilikuwa ya Mwarabu, ya Mmanyema au ya Mnyamwezi, tutabishana hewani.

Tunacho Chuo cha Ardhi hapahapa Tabora, kinachofundisha vijana uchoraji wa ramani. Mazoezi yao ya vitendo yaelekezwe kwenye nyumba hizi: futi, timazi, karatasi, na mzee mmoja wa mtaa wa kuwaambia nani alikuwa akikandika kuta. Waanze na zenye milango, maana hizo ndizo wanunuzi wanazozitafuta. Mimi nitakuja na rula zangu, na chai nitanunua.

Mchora ramani mstaafu,
Cheyo, Tabora