Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Manispaa ya Jiaganj-Azimganj: tuanze na gati

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu kutoka Unguja. Mimi ni mfanyabiashara wa vitambaa, na hariri ndiyo iliyonifikisha wilayani Murshidabad, Bengali Magharibi, India. Nakuandikia hadharani, kwa Kiswahili, kwa sababu nataka watu wa mwambao nao waisome barua hii. Wao pia wanaishi katika miji iliyojengwa na wafanyabiashara, na mengi nitakayoyasema wanayajua kwa macho yao. Nakala ya Kibengali itakufikia ofisini.

Ombi langu ni moja, na nalitaja mapema. Fedha yoyote itakayoingia mjini kwa jina la maendeleo na utalii, ianzie kwenye gati la kivuko.

Najua mji una matumaini makubwa sasa. Daraja la reli la Nashipur, lililokwama miaka mingi kwa mgogoro wa ardhi, lilifunguliwa Machi 2024, na reli ya Azimganj ikakutana na ile ya Lalgola ng'ambo ya mto Bhagirathi. Mwaka huohuo kijiji jirani cha Baranagar kilitambuliwa na serikali ya India miongoni mwa vijiji bora vya utalii. Wageni wanakuja kutazama mahekalu ya Char Bangla aliyoyajenga Rani Bhabani, bibi mmiliki wa ardhi kubwa, katika karne ya 18, na wana haki ya kuja, maana kuta zile za udongo wa kuchoma zimechongwa kwa ustadi ambao sijauona kwingine.

Lakini daraja lile ni la treni. Halimsaidii muuza biringanya wa Azimganj anayetaka kufika soko la Jiaganj kabla jua halijawa kali. Halimsaidii mwanafunzi wa Chuo cha Sripat Singh anayekaa ng'ambo, wala mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Manispaa ni moja, watu wake walikuwa zaidi ya 50,000 kwa sensa ya 2011, na mto unapita katikati yao. Wanaonana kwa boti.

Nimevuka hapo alfajiri na nimevuka usiku. Boti ni ya mbao, injini inanguruma, na juu ya sakafu moja kuna pikipiki, baiskeli, magunia ya viazi na watu waliosimama bega kwa bega. Katika miezi ya mvua mto unapanda na ngazi zinateleza. Kiangazi maji yanarudi nyuma, na wazee wanashuka wakishikana mikono. Manahodha ni hodari, wanausoma mto huo tangu utotoni, na sina lawama hata moja juu yao. Ila uhodari wa nahodha haupunguzi uzito wa mzigo.

Nisamehe nikilisema hili kwa uchungu. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi, kwetu Unguja, ikielekea Pemba huku imejaza watu kupita kiasi. Mamia walipotea. Julai mwaka uliofuata ikazama Skagit. Hakuna mtaa Zanzibar ambao haukuwa na matanga. Na wewe huna haja ya kutazama mbali hivyo. Mei 2016, huko Kalna, mto wenu huohuo unakoelekea baharini, boti iliyojaa watu waliotoka kwenye maonyesho ilizama usiku. Aprili 2017, pale Telinipara, gati la mianzi lilivunjika maji yalipojaa ghafla, na watu wakachukuliwa na mto kabla hata boti haijafika. Mambo haya yanajulikana Bengali nzima. Sitaki jina la Jiaganj liongezwe kwenye orodha hiyo.

Kinachotakiwa si kikubwa. Gati linaloelea, lipande na kushuka pamoja na maji. Taa zinazowaka hadi boti ya mwisho. Jaketi za kuokolea, na idadi ya abiria iliyoandikwa kwa rangi ubavuni mwa kila boti, na mtu mwenye mamlaka ya kusema "imetosha". Nauli ibaki ile ambayo mchuuzi anaimudu. Na wale wanaouza chai, ndizi na mboga juu ya ngazi wasiondolewe kwa kisingizio cha kupapendezesha mahali. Wapangiwe nafasi yao, wawekewe paa.

Kwa nini ning'ang'anie wachuuzi? Kwa sababu mji huu uliumbwa na watu wa namna hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 18 mtawala Murshid Quli Khan alihamisha makao ya utawala wa Bengali kutoka Dhaka hadi Murshidabad, na fedha ikamfuata. Wakaja Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, kutoka Rajasthan, ukoo wa wakopeshaji wa Jagat Seth mbele yao, wakakopesha manawabu, yaani watawala wa Bengali, na kampuni za Wazungu. Baada ya vita vya Plassey mwaka 1757, Waingereza walipomshinda nawabu, nguvu ilihamia Kolkata, na wengi wangedhani hadithi imekwisha. Haikwisha. Familia za Kijaini zilibaki Azimganj na Jiaganj, zikafanya biashara ya mtoni, zikaiona reli ya kutoka Nalhati ikifika mwaka 1863. Zilikaa hadi zikawa watu wengine kabisa, Sheherwali, wenye chakula kisicho na nyama lakini chenye viungo vya Kibengali pamoja na zafarani na maji ya waridi ya nawabu. Niliwahi kukirimiwa firini yao ya embe bichi, na bado naikumbuka.

Sasa niseme juu ya hariri, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Sari ya Baluchari, yenye picha za mabwana wavuta hukka na wapanda farasi zilizofumwa pembeni, imechukua jina la Baluchar, yaani papo hapo Jiaganj. Leo ukitaka kuinunua kwa mfumaji unakwenda Bishnupur, wilaya ya Bankura. Mto ulikula makazi, wanunuzi matajiri wakapungua, vitambaa vya viwandani vikashusha bei, na fundi mkubwa wa mwisho, Dubraj Das, alifariki mwanzoni mwa karne ya 20. Kazi ilipofufuliwa katikati ya karne hiyo, ilifufukia kwingine. Nawapongeza watu wa Bishnupur kwa dhati. Lakini mji wako ulibaki na jina bila vitanda vya kufumia, na hakuna aliyeamua iwe hivyo. Mafundi waliondoka mmoja mmoja kwa sababu kuishi pale kulikuwa kugumu kuliko kuondoka.

Hilo ndilo ninaloliogopa tena. Mji Mkongwe wetu uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Wageni wakajaa, nyumba nyingi zikageuzwa hoteli, na familia nilizokua nazo zikahamia nje ya mji. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Kwa hiyo naunga mkono kukarabatiwa kwa nyumba za zamani za Azimganj na bustani ya Kathgola, na naomba zikarabatiwe na mafundi wanaozijua chokaa na mbao. Ila chumba kimoja cha chini katika nyumba hizo kikipewa mfumaji na kitanda chake, kwa kodi nafuu, mimi nitakuwa mteja wake wa kwanza, na ninajua wanunuzi wa Mombasa na Muscat watakaonifuata.

Kabla bajeti ijayo haijapitishwa, naomba uitishe kikao palepale gatini, asubuhi, saa ambazo boti zinajaa. Waalike manahodha, wauza mboga, wanafunzi na wapagazi. Wakuonyeshe ngazi inayoteleza na mahali ambapo taa haifiki, na mhandisi wa manispaa awepo na daftari lake. Nikijulishwa siku, nitakuja, na mchango wangu kwa ajili ya jaketi za kuokolea nitaukabidhi hapohapo.

Wako kwa heshima,
Mfanyabiashara wa vitambaa, Unguja