Barua kwa Mwanangu: Tairi ya Mbele

Mwanangu Wekesa,

Salamu sana. Huku Mumias hatujambo, mvua imeshika na mama yako amekwisha panda maharagwe.

Uliniambia kwa simu kwamba fundi wako wa Kondele anataka ununue tairi ya nyuma tu, eti ya mbele bado inafaa. Hapo ndipo nikatafuta kalamu. Ya nyuma inasukuma pikipiki na kubeba abiria, kwa hiyo huisha mbio na kila mtu huiona. Ya mbele huisha kimyakimya, nayo ndiyo inayoshika barabara unapofunga breki. Ya nyuma ikiteleza waweza kuiwahi. Ya mbele ikiteleza, uko chini.

Mimi nilikuwa chini. Msimu wa miwa, trekta zilikuwa zimedondosha vipande, magari yakavikanyaga mpaka lami ikanata, halafu manyunyu yakaanza. Nilikuwa nimembeba mwalimu. Kwenye kona nikagusa breki kidogo tu, usukani ukalala. Mama wa watu akainuka, akajipangusa matope kwenye sketi, akainama na kupitisha kidole juu ya tairi yangu ya mbele. Kipara, laini kama chupa ya soda. Akanilipa nauli yote, akaenda zake kwa miguu. Afadhali angenitukana.

Kama pesa ni ya tairi moja, chungulia ndani ya mifereji ya zote mbili. Humo kuna vinundu vidogo vya mpira. Meno yakishuka yakalingana navyo, tairi imekwisha. Zikiwa zimekwisha zote, anza na ya mbele, ya nyuma uitafutie wiki inayofuata. Iliyochongwa meno upya kwa kisu usiiguse hata ukipewa bure.

Pikipiki yako ya Boxer inavaa tairi ya ukubwa wa 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, hakikisha kwa kusoma ubavuni. Haya mambo ya vijana kuvalisha tairi nene nyuma ili pikipiki ionekane kubwa, sijui yanamfurahisha nani. Meno makubwa nayo tuachie sisi wa matope. Wewe unashinda kwenye lami.

Kabla hujalipa, tafuta tarakimu nne ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyoning'inia juani mlangoni pa duka tangu wakati huo, ikunje. Ukiona nyufa, mrudishie mwenyewe hata akupunguzie vipi. Fundi afuate mshale wa mzunguko, na tyubu iwe mpya. Siku za kwanza usiilaze sana kwenye kona, mpira mpya huteleza. Upepo pima asubuhi, kabla hujaanza kazi.

Tyubu kuukuu usimwachie fundi. Niletee zote mbili nikate kamba za kufungia magunia, hizi zangu zimekatika.

Ni mimi baba yako.